Shingo za maganda ya risasi zina kipimo kimoja lakini hazibani sawa. Tatizo liko wapi?

#1 Mtoto wa Wete
Asalaam aleikum wana barza. Leo nna suala la kifundi, na najua humu mna mafundi, masonara na maafande wastaafu, kwa hiyo sitokosa majibu.

Mie naishi Uingereza, mwanachama wa klabu ya shabaha. Tunapiga Bisley, kule Surrey, karatasi tu. Raifo yangu ni .308 na risasi najaza mwenyewe, maana kule inaruhusiwa ukiwa na kibali. Kwa asiyejua: ganda la shaba likishapigwa halitupwi. Unalipitisha kwenye dai (kalibu ya chuma) lirudi umbo lake, unaweka fataki mpya, unatia baruti, halafu unakalisha kichwa kwenye shingo ya ganda. Kinachokizuia kichwa kisichomoke ni shingo yenyewe, kwa sababu tundu lake limefanywa dogo kuliko kichwa. Kichwa kina milimita 7.82, tundu linapungua kama milimita 0.05 hivi.

Sasa tatizo. Nikipima, maganda yote yananambia sawa. Nikishusha mkono wa presi, kichwa kimoja kinaingia kama hakuna kitu, kinachofuata mkono unasita, chengine kinang'ang'ania mpaka nasikia nasukuma. Maganda ni ya kiwanda kimoja, boksi moja, yamepigwa pamoja mara zote, daftari ninalo. Kwenye yadi 600 matundu ya kwenye karatasi yanapanda na kushuka. Upande kwa upande hayana neno. Shingo hizi zinanifanyia nini?

Ilani: bunduki na kila kitu kiko huko huko. Hapa nimekuja likizo na daftari tu. Msiniletee polisi.

#2 Pweza wa Nungwi
Nimeona "shingo" nimeingia mbio na mafuta ya karafuu nikidhani kuna mtu wa kuchuliwa. Haya, nakaa pembeni, nasubiri wajuzi.

#3 Fundi Mtoni
Mleta mada, unapimia nini? Kalipa au maikromita? Na unapima nje au ndani?

#4 Mtoto wa Wete
Kalipa ya digitali. Nje, kabla ya kukalisha na baada ya kukalisha, natoa moja kwa nyengine.

#5 Fundi Mtoni
Hapo pana mawili.

Kwanza kalipa. Kioo kinaonyesha mpaka 0.01, lakini kalipa ya kawaida, hata nzuri, usahihi wake ni 0.02 juu au chini. Wewe unachokitafuta chote ni 0.05. Karibu nusu ya kipimo chako ni wasiwasi wa kifaa, na hapo sijaweka unavyobana kwa vidole. Ganda linaloandika 0.05 huenda ni 0.03, huenda ni 0.07, nawe unaandika "sawa".

Pili, unapima nje na kazi inafanyika ndani. Ukuta wa shingo ya .308 ni kama 0.37, tena hauko sawa mzunguko mzima. Upande mmoja mnene, upande mwengine mwembamba. Mie kazi yangu injini za boti. Mtu akiniletea bushi akanambia "nimepima nje", namrudisha nayo kwao. Tafuta pini za kupimia tundu, zile zinazopandana kidogo kidogo, uone ipi inaingia na ipi inakataa.

#6 Mtoto wa Wete
Shukran fundi. Ila dai langu lina kitufe cha kutanulia ndani. Shingo inabanwa kwanza kupita kiasi, halafu wakati ganda linatoka kile kitufe kinavutwa ndani yake na kuitanua. Sasa ikiwa kitufe ni kimoja na ndicho cha mwisho kupita, si matundu yote yangekuwa sawa, ukuta mnene au mwembamba?

#7 Sonara Mkunazini
Yangekuwa sawa kama shaba ingekuwa udongo wa kufinyanga. Shaba inajirudi, yakhe.

Maganda hayo ni shaba nyekundu sehemu 70 na zinki 30. Ukiibana na kuitanua inakakamaa, na kila ikikakamaa ndivyo inavyojirudi zaidi. Mie nafua bangili, nikiona inaanza kukataa nyundo naipasha moto, inalegea, naendelea. Nisipoipasha itapasuka. Shingo ya ganda ni hivyo hivyo: baruti inaitanua, dai linaibana, kitufe kinaitanua tena. Ganda lililokakamaa kitufe kikipita linatanuka, halafu kikitoka linarudi ndani kuliko ganda laini. Ndilo hilo linalokung'ang'ania. Na hata tundu likiwa sawa kabisa, shaba ngumu inabana kwa nguvu zaidi kuliko laini kwa kipimo kile kile.

Zipashe. Hiyo ndiyo dawa.

#8 Afande Mstaafu
Mnajipa tabu. Risasi za jeshi mdomo wa ganda unakazwa juu ya kichwa kiwandani, na ndani ya shingo kunapakwa lami maji yasiingie. Hakuna askari aliyewahi kuuliza shingo inabana vipi. Kaza mdomo, mambo yamekwisha.

Na huyo akishapasha maganda yake ayachovye kwenye maji baridi hapo hapo ili shingo ikaze tena, isiwe laini mno.

#9 Sonara Mkunazini
Afande #8, kwa heshima zote, hiyo ni habari ya chuma cha pua na visu. Chuma ukikipasha ukakichovya kinakuwa kigumu. Shaba haina mambo hayo. Ichovye, iache ipoe kwa hewa, ulaini ni ule ule. Wanaochovya maganda wanataka moto usishuke chini kwenye kitako, basi.

Na hilo la kitako si la kuchezea. Kitako ndicho kinachobeba nguvu zote za baruti ndani ya bunduki. Ukikilegeza kwa moto ganda linaweza kupasuka usoni mwako. Moto ni shingoni na mabegani tu, sekunde chache.

#10 Binti Michenzani
Nakatisha kidogo. Mleta mada ana kibali cha huko, sawa. Aliye Unguja au Pemba asisome uzi huu akaenda kuokota maganda akajaribu. Kutengeneza risasi bila ya kibali ni kesi, na si kesi ya kulipa faini ukarudi kula chajio. Ongeeni shaba mnavyotaka.

#11 Pweza wa Nungwi
Ahsante wakili. Nilikuwa nshachukua presi ya kukamulia miwa.

#12 Mtu wa Maskati
Salaam. Mie Mpemba wa Ole, nipo Maskati, nna mkwe wangu anapiga masafa marefu na yeye mambo yake ndiyo haya, usiku kucha anapima. Nimeokota kidogo kwake.

Kitu cha mwanzo alichokitupa ni hicho kitufe. Kinavutwa kwenye shingo iliyobanwa kupita kiasi, tena mara nyengine kavu. Kinakwaruza, kinaivuta shingo juu, na kikienda upande shingo inatoka imeinama. Ganda moja lilikuwa na masizi ndani, jengine limesuguliwa, basi kila moja limevutwa kwa nguvu yake.

Yeye anatumia dai la bushi. Bushi, zile pete za chuma za ndani ya dai, zinauzwa kwa kupishana sehemu moja ya elfu ya inchi, unachagua inayobana kiasi unachotaka, bila kitufe. Tatizo lake bushi inaisawazisha nje, kwa hiyo unene usio sawa wa ukuta wote unasukumwa ndani. Ndiyo maana baadaye anapitisha mandreli, kijiti cha chuma kilichonyooka kinachoingia kutoka juu na kutanua taratibu. Hapo ndani ndiyo panakuwa sawa na kasoro inatoka nje, ambako haiumizi mtu.

Ila sonara #7, yeye ananambia kinyume na wewe. Anasema ganda lililokakamaa linabana KIDOGO, si zaidi.

#13 Sonara Mkunazini
Mkwe wako ana bunduki, mie nna nyundo ya babu yangu. Shaba ngumu haiwezi kubana kidogo.

#14 Fundi Mtoni
Ngojeni. Nyote wawili mnaweza kuwa mnasema kweli, suala ni kifaa gani kimepita mwisho.

Ukimaliza kwa bushi, umeibana shingo kutoka nje. Ikijirudi inarudi wapi? Nje. Shaba ngumu inarudi nje zaidi, tundu linakuwa kubwa, kichwa kinaingia kirahisi. Ukimaliza kwa kitufe au mandreli, umeitanua kutoka ndani. Ikijirudi inarudi ndani. Shaba ngumu inarudi ndani zaidi, tundu linakuwa dogo, kichwa kinang'ang'ania. Ganda lile lile, kifaa mbali, jibu mbali.

Wete yeye anamaliza kwa kitufe, kwa hiyo hesabu ya sonara ndiyo inayomhusu. Mkwe wa Maskati enzi zile za bushi peke yake aliona kinyume chake.

#15 Mtu wa Maskati
Hapo nimekufahamu. Lakini bado halijajibiwa suala la mleta mada. Maganda yake yamepigwa pamoja, mara sawa sawa. Ugumu ungekuwa mmoja.

#16 Sonara Mkunazini
Haukuwa mmoja tangu siku ya kwanza. Kiwandani shingo zinapashwa zikipita mbele ya moto kwenye mkanda, ndiyo ile rangi ya buluu na hudhurungi unayoiona kwenye shingo za maganda mapya. Ukuta mnene unapata moto tofauti na ukuta mwembamba. Halafu ukuta mnene ukibanwa unachakaa zaidi. Tofauti ndogo, lakini inajumlika kila mzunguko.

#17 Mwalimu wa Kemia, Chake
Nyote mnazungumza umbo na ugumu. Hakuna aliyegusa uso wa shaba wenyewe.

Mleta mada, unasafisha vipi maganda yako? Unatumia sindano za chuma ndani ya maji na sabuni?

#18 Mtoto wa Wete
Ndiyo mwalimu. Yanatoka yanang'aa kama dhahabu ya harusi, ndani na nje. Kwani kuna ubaya?

#19 Mwalimu wa Kemia, Chake
Kuna sababu ya kuuliza. Baruti ikiungua inaacha tabaka jembamba la masizi ndani ya shingo, na lile tabaka ni kilainishi. Ukilisugua lote unabaki na shaba tupu, halafu unaisukumia kichwa kilichovikwa shaba tupu nacho. Metali mbili safi zinazofanana zikisuguana kwa nguvu zinang'atana. Hapo kila ganda linasema lake: hili lina doa la sabuni, lile limebaki na masizi pembeni, jengine mdomo wake una makovu ya zile sindano na unakwangua kichwa kinapoingia. Kipimo cha tundu ni kimoja, msuguano ni mbalimbali. Mkono wako hauwezi kutofautisha kubana na kusugua, unasikia nguvu tu.

Na ziada: kichwa kikikaa miezi ndani ya shaba tupu, hasa penye unyevu, kinazidi kushikamana. Risasi zilizojazwa leo na zilizojazwa mwaka jana hazitoki sawa hata ungezipima kwa kifaa cha maabara.

#20 Kaskazi Njema
Sasa hii ndiyo mada. Unyevu wa kwetu huu wa masika, shati ukilianika asubuhi magharibi bado linakusubiri, hizo risasi zingeota magugu.

#21 Mwalimu wa Kemia, Chake
#20 umenikumbusha kisa ambacho huwa nawapa wanafunzi. Zama za Waingereza huko India, jeshi lao lilikuwa likihifadhi risasi wakati wa masika, na wakizifungua wanakuta maganda ya shaba yamepasuka yenyewe, na ya kupasuka zaidi ni shingo. Hayajapigwa, hayajaguswa. Sehemu nyengine ghala lilikuwa ni zizi la farasi.

#22 Afande Mstaafu
Joto la India hilo. Shaba inatanuka mchana, inanywea usiku, mwisho inapasuka.

#23 Mwalimu wa Kemia, Chake
Hapana afande, joto peke yake halipasui ganda. Ni amonia. Mkojo wa farasi unatoa amonia, amonia ikiingia kwenye unyevu inaila shaba nyekundu, na inaanzia pale penye mvuto uliobaki ndani ya metali tangu ilipobanwa kiwandani. Lazima vyote vitatu vikutane: amonia, unyevu na ule mvuto. Wataalamu watatu wa Kiingereza, Moore, Beckinsale na Mallinson, ndio walioeleza vizuri mwaka 1921. Na dawa iliyopatikana ndiyo ile ya sonara: lipashe ganda baada ya kulibana, mvuto uondoke.

Kwa hiyo mleta mada, usisafishie maganda kwa dawa yoyote yenye amonia. Shingo iliyobana kichwa ina mvuto ndani yake masaa yote. Inangoja tu mtu wa kuipa sababu.

#24 Kaskazi Njema
Mwalimu, Brasso ina amonia?

#25 Mwalimu wa Kemia, Chake
Ile ya asili ya majimaji ndiyo, ile harufu inayokupanda puani.

#26 Kaskazi Njema
Lahaula. Bibi yangu dele lake la kahawa kalipaka Brasso umri mzima, na chini ya dirisha kuna banda la mbuzi. Lina ufa shingoni, pale mdomo ulipounganishwa. Nyumba nzima tulimsingizia mtoto wa jirani.

#27 Sonara Mkunazini
Mwombeni radhi huyo mtoto. Dele lilete, ila ufa wa aina hiyo ukiuziba leo unafunguka pembeni yake kesho. Inabidi lipashwe lote kwanza.

#28 Pweza wa Nungwi
Uzi ulianza Bisley sasa tupo kwenye banda la mbuzi. Naipenda barza hii.

#29 Ngalawa ya Kizimkazi
Mie nawauliza hivi: nani kasema tatizo ni shingo? Mleta mada kaona matundu yanapanda na kushuka, mkono wake ukamwambia shingo, basi sote tukamfuata. Matundu kupanda na kushuka ni mwendo wa risasi kutokuwa sawa. Kwa .308 kwenye yadi 600, mwendo ukitofautiana mita 10 kwa sekunde, tundu linahama kama sentimita 8 hivi. Lakini mwendo unabadilishwa na mambo mengi. Baruti unaipima kwa mizani au unaimimina kwa kijiko cha mashine? Fataki umebadilisha? Risasi uliiacha ndani ya mtutu wa moto dakika ngapi kabla ya kufyatua? Na pumzi yako je? Hiyo nayo inapandisha na kushusha.

Mtu akipiga tano akaona matatu juu na mawili chini, keshapata nadharia. Piga nyingi kwanza.

#30 Mtoto wa Wete
#29 baruti napima kwa mizani, kila moja. Klabuni kuna kipima mwendo, nilikiazima. Tofauti ya mwendo ipo, wala si pumzi.

#31 Ngalawa ya Kizimkazi
Na zile zilizokuwa zinang'ang'ania uliziandika pembeni, ukaona ndizo zilizokwenda kasi?

#32 Mtoto wa Wete
Hilo sikulitenga, nilizichanganya.

#33 Ngalawa ya Kizimkazi
Basi tunazungumza hewa. Tia alama kwa wino kwenye ngumu na kwenye laini, kila moja kwa safu yake. Zikiangukia mahali pamoja, shingo haina kesi.

#34 Mtu wa Maskati
Hapo nakuunga mkono nusu. Mkwe wangu ana presi ndogo ya mkono yenye saa ya kupima nguvu, inakwambia kichwa kimeingia kwa nguvu kiasi gani. Anazipanga mafungu. Zilizopotoka anapigia za mwanzo, zile za kupasha mtutu na kutafuta upepo, na zilizolingana ndizo za mashindano. Yeye anaapa kule kupanda na kushuka kwa matundu kumepungua.

#35 Mwalimu wa Kemia, Chake
Lakini saa ile inapima nguvu ya KUINGIA. Kinachoihusu baruti ni nguvu ya KUTOKA. Kichwa kilichopakwa kilainishi kinaingia kama siagi na bado shingo inaweza kuwa inabana vizuri tu. Nguvu mbili hizo zina ujamaa lakini si mtu mmoja.

#36 Fundi Mtoni
Tena hata kutoka kwenyewe: baruti ikiwaka shingo inatanuka, kichwa kinaachiwa. Kinachokwamisha kitu hapo ni kwa muda mfupi mno. Ndiyo maana wapo wanaosema mkazo wenyewe si kitu ilimradi uwe ule ule kila mara.

Na nyongeza kwa wale watakaomwambia Wete abane zaidi: ukizidisha tofauti ya kichwa na tundu, shaba inafika mahali inashindwa kujirudi. Kutoka hapo kichwa chenyewe ndicho kinachogeuka mandreli, kinaitanua shingo kikiingia, na nguvu ya kubana haiongezeki kwa kadiri ulivyobana. Kwa ukuta mwembamba ule, 0.05 haiko mbali na mpaka wake. Ukibana 0.10 unakwangua kichwa na kuchosha ganda, faida hakuna.

#37 Sonara Mkunazini
Mpaka uko wapi inategemea shaba imekakamaa kiasi gani. Tumerudi kwangu.

#38 Fundi Mtoni
Wewe kila njia inarudi kwako.

#39 Kijana wa Mbweni
Samahanini wakubwa, mie mwanafunzi wa ufundi hapa chuo cha KIST. Kuna kitu hamjakitaja. Wakati wa kulibana ganda kwenye dai, unashusha na kupandisha mara moja au unatulia? Mwalimu wetu kwenye mambo ya kukunja bati anasema metali ukiishikilia kwenye umbo sekunde chache inajirudi kidogo kuliko ukiiachia hapo hapo. Ikiwa leo unatulia na kesho una haraka, shingo zitatoka mbalimbali kwa dai lile lile.

#40 Mtoto wa Wete
Kijana hilo sijawahi kulifikiria. Nafanya kwa mdundo wa redio, wallahi.

#41 Pweza wa Nungwi
Redio gani? Ukiweka taarab za kukaa kitako itakuwa na mkazo mmoja. Ukiweka singeli ndiyo hayo ya matundu juu chini.

#42 Mtu wa Maskati
Kijana wa Mbweni #39 umesema kweli, mkwe wangu anahesabu kimoyomoyo kila ganda. Mara nyengine analizungusha kidogo na kulibana mara ya pili.

Halafu jengine: pale chini shingo inapokutana na bega, baada ya ganda kupigwa mara nyingi, shaba inapanda na kufanya pete nene kwa ndani. Kichwa kirefu kikifika pale kinakwama ghafla. Mleta mada, ule ugumu unausikia mwanzo wa kuingia au mwisho?

#43 Mtoto wa Wete
Baadhi mwanzo, baadhi njia nzima. Mwisho hapana.

#44 Mtu wa Maskati
Basi pete hiyo itoe. Mwanzo ni mdomo wa ganda: baada ya kuukata urefu unaupiga msasa kwa ndani uwe na mwinamo? Njia nzima ndiyo msuguano au ugumu.

#45 Mwalimu wa Kemia, Chake
Msuguano.

#46 Sonara Mkunazini
Ugumu.

#47 Afande Mstaafu
Kaza mdomo.

#48 Mtoto wa Wete
Afande, vichwa vya shabaha tunavyotumia havina mfereji wa kukazia. Ukivikaza unaviminya, na ganda urefu wake usipolingana mkazo nao haulingani. Tutakuwa tumeongeza jambo la tano.

Sonara, kuhusu kupasha, wenzangu klabuni wamegawika. Wengine gesi ya mkononi na drili ya kuzungushia, wengine mashine ya umeme, wengine wanachovya shingo kwenye chumvi iliyoyeyushwa kwa moto.

#49 Sonara Mkunazini
Chumvi moto wake hautoshi kwa muda mfupi ule. Shaba inalegezwa na joto na muda kwa pamoja. Ukiipa muda mrefu, joto la wastani linatosha. Ukiipa sekunde tano, joto lipite nyuzi 500 kwa mbali. Na ile chumvi nyuzi 500 ukiiangushia tone la maji au jasho inaruka usoni. Gesi basi, ndani ya chumba cha giza giza, utazame shaba inapoanza tu kubadilika. Ikiwaka nyekundu kwa kung'aa umeshapitiliza, shingo itakuwa laini kama risasi ya nyavu na haitobana kitu. Kuna na rangi maalumu za kupaka zinazoyeyuka kwa joto lake, paka ndani ya shingo, na nyengine chini karibu na kitako ili ujue moto haukufika.

Ila mtu wa gesi naye mkono wake ukitetereka kapata maganda ya aina mbili. Kupasha vibaya ni kubaya kuliko kutopasha.

#50 Ngalawa ya Kizimkazi
Hapo ndipo ninapoondoka mie. Dawa ya kutolingana ni kazi ya mkono ambayo nayo hailingani.

#51 Kaskazi Njema
Mizinga ile ya mbele ya Beit el Ajaib shingo zake zilipashwa na nani? Maana vita vyenyewe vya 1896 vilikwisha dakika 45, huenda risasi zilikwama.

#52 Binti Michenzani
Dakika 38, kwa tarehe 27 Agosti.

#53 Kaskazi Njema
Wengine wanaandika 38, wengine 40, wengine 45. Hata wao vipimo havikulingana.

#54 Fundi Mtoni
Mizinga ile inajazwa kwa mdomoni, haina ganda wala shingo. Turudini.

Wete, mie ningekwenda hivi. Usibadilishe vitu vinne kwa pamoja ukaja kutwambia "imepona". Acha kitufe, nunua mandreli, maganda yale yale, usafi ule ule. Ukiona mkono umetulia, lilikuwa la kifaa. Usipotulia, gusa ndani ya shingo: brashi ya nailoni na unga wa grafaiti, basi. Kupasha iwe mwisho, kwa sababu ukishapasha huwezi kurudi nyuma.

#55 Sonara Mkunazini
Kupasha iwe MWANZO. Usipoanza na shaba yenye ugumu mmoja, hiyo mandreli unaipitisha kwenye vitu mbalimbali na kila kimoja kitajirudi kivyake. Umesema mwenyewe #14.

#56 Mwalimu wa Kemia, Chake
Na mie ningeanza na kuziacha sindano za chuma nyumbani. Haina gharama hata ya senti.

#57 Mtoto wa Wete
Nimeandika yote. Nnayo maganda ya kutosha kuyagawa mafungu: moja mandreli tu, moja grafaiti tu, moja lipashwe kisha mandreli, na moja libaki kama lilivyo. Yote yatiwe wino, na kipima mwendo kiwepo. Nikirudi nitaleta namba, msinidai kabla ya kiangazi chao, saa hizi kule mvua na upepo wa pembeni.

#58 Ngalawa ya Kizimkazi
Fungu la tano: pima baruti kwa mizani nyengine.

#59 Mwalimu wa Kemia, Chake
Angalizo kwenye grafaiti. Inapitisha umeme, na penye unyevu wa chumvi inaiharakishia kutu metali inayoigusa. Ukiweka risasi hizo muda mrefu zitazame.

#60 Fundi Mtoni
Kweli kabisa. Grisi ya grafaiti siiweki kwenye injini ya boti karibu na alumini, inaliwa mpaka unatia kidole.

#61 Mtoto wa Wete
Surrey hakuna bahari, fundi.

#62 Fundi Mtoni
Basi weka. Na kalipa yako ikiisha kazi niletee, kuna mtu hapa anapimia vitasa.

#63 Kaskazi Njema
Sonara, dele nalileta Jumamosi. Bei gani?